Uzi: Kuwafundisha watoto wa homskuli uchaguzi wa rais, tuanze na jinsi kura zinavyohesabiwa, majina ya wagombea baadaye

Mama Watatu:

Wakuu heshima kwenu. Uzi huu ni kwa wazazi tunaosomeshea watoto nyumbani, hasa tuliopo huku Marekani, ila wa Kenya na bongo karibuni sana maana mada inawahusu kuliko mnavyodhani. Kila mwaka wa uchaguzi ukikaribia magrupu ya WhatsApp yanajaa swali lile lile, mtoto nimfundishe nini kuhusu urais na nianzie wapi, na majibu nayo ni yale yale, pakeni ramani rangi nyekundu na bluu, mkaririshe marais kuanzia Washington, kaeni naye muangalie mdahalo. Mimi naona tunaanzia mkiani. Mtoto wa miaka tisa ukimkalisha mbele ya mdahalo anachoondoka nacho ni nani alifoka na nani alikuwa na tai nzuri, basi.

Kwangu tumeanza na kitu kimoja tu: mshindi anapatikanaje. Majina ya wagombea yamekuja mwisho kabisa.

Niwape picha ya nyumbani kwanza. Mimi Mtanzania, baba watoto Mkenya wa Nakuru, watoto watatu wote wamezaliwa hapa Houston, wa kwanza ana miaka 12, wa kati 9, mdogo 6. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kuna sheria tatu za kumpata rais na hazifanani hata kidogo, na hiyo ndo ikawa silabasi yetu. Kwa wasiojua, Texas homskuli inahesabika kama shule binafsi, Mahakama ya Juu ya jimbo ililimaliza hilo kwenye kesi ya Leeper mwaka 1994, na unachodaiwa kufundisha ni kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hakuna mkaguzi anayegonga mlango. Sasa huo uraia mwema ni upi hakuna anayekuambia, unajijazia mwenyewe, na wengi wetu tunajazia wimbo wa taifa na kiapo cha bendera tunaendelea na hesabu.

Sisi tuliitisha uchaguzi. Wagombea watatu: Pilau, Ugali na Chipsi, anayeshinda ndiye chakula cha sherehe ya ukoo. Wapiga kura 30 kwenye nyumba tano, kila nyumba tukaifanya jimbo, na kila mtu alimtumia mkubwa kura yake inbox, siyo kwenye grupu, maana kura ni siri na hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa, bibi yao alitaka kupiga kura kwa voice note grupu zima lisikie. Matokeo haya hapa:

Houston (watu 9): Pilau 8, Ugali 1
Dallas (6): Ugali 3, Pilau 2, Chipsi 1
Nakuru (6): Ugali 3, Pilau 2, Chipsi 1
Moshi (6): Ugali 3, Chipsi 2, Pilau 1
Minnesota (3): Chipsi 2, Pilau 1

Jumla Pilau 14, Ugali 10, Chipsi 6. Nikawaambia haya, nani kashinda? Wote kwa pamoja, Pilau! Nikasema sawa, hiyo ni kwa sheria ya kwa bibi Moshi. Tanzania anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye rais, hata asipofika nusu.

Sasa sheria ya kwa babu Nakuru. Kenya katiba ya 2010 inataka uzidi nusu ya kura zote zilizopigwa, halafu upate angalau asilimia 25 kwenye zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Nusu ya 30 ni 15, Pilau ana 14. Robo ya kila jimbo anayo Houston, Dallas, Nakuru na Minnesota, Moshi tu ndo kaanguka, kwa hiyo sharti la robo kapita ila la nusu kakwama. Hakuna rais. Duru ya pili, Pilau na Ugali peke yao, Chipsi anakaa benchi.

Halafu sheria ya hapa tunapoishi. Rais anachaguliwa na wajumbe wa majimbo, na karibu kila jimbo anayeongoza kwa kura anabeba wajumbe wote wa jimbo hilo. Kila jimbo la Marekani lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi ukijumlisha maseneta wawili. Sisi tukasema kila watu watatu mjumbe mmoja, ongeza wawili kwa kila nyumba. Houston 5, Dallas 4, Nakuru 4, Moshi 4, Minnesota 3. Jumla 20, kushinda unahitaji 11. Mkubwa akaanza kujumlisha kwenye kibao, Pilau kachukua Houston, 5. Chipsi kachukua Minnesota, 3. Ugali Dallas, Nakuru, Moshi, 12.

Ugali ni rais.

Wakuu, mtoto wa kati alilia. Machozi kabisa, maana yeye ndiye alikuwa meneja wa kampeni ya Pilau, alichora mabango. "Lakini tuna watu wengi zaidi!" Nikamwacha atulie kidogo nikamwambia mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump nchi nzima, na Trump akawa rais kwa wajumbe 304 dhidi ya 227. Mwaka 2000 Al Gore alikuwa na kura nyingi kitaifa, kesi nzima ikaja kuangukia Florida, na George W. Bush akaichukua Florida kwa tofauti ya kura 537. Mia tano thelathini na saba! Akaacha kulia akaniuliza 537 ni watu wangapi, wanajaa kanisani kwetu? Hapo nikajua somo limeingia, ningetumia mwezi mzima na ramani ya rangi asingeuliza hivyo.

Karibuni tuchangie, na mwenye mbinu yake aiweke hapa.

Dogo Tegeta:

Uzi mtamu huu, naweka kambi kabisa. Ila Moshi wachague ugali kwa kura tatu na mtori haujawekwa hata kwenye karatasi? Hapo tume ya uchaguzi ilishaharibu kabla ya kura kupigwa 😂

Alafu mama mwambie dogo wa kati asilie, ni kama Yanga wamiliki mpira dakika zote tisini afu Simba apige shuti moja ling'ae wavuni. Kumiliki siyo kushinda.

Mama Watatu:

@Dogo Tegeta mtori uliondolewa na wazee wa ukoo kwa hila, na watoto waligundua wakauliza kwa nini, kwa hiyo tukafika hadi kwenye swali la nani anaruhusiwa kugombea. Marekani uwe raia wa kuzaliwa, miaka 35, na uwe umeishi nchini miaka 14. Mkubwa akafurahi kwamba yeye anaruhusiwa na baba yake haruhusiwi ng'o hata akiwa na uraia.

Kuhusu mpira, mfano wako wengi wanautumia ila mi siupendi sana kwa watoto, sababu unawafungia swali mapema. Kwenye mpira hakuna aliyewahi kudai umiliki ndo uhesabiwe. Kwenye kura kuna watu wazima wenye akili zao wanadai hivyo kila siku, na hoja wanayo.

Binti Pwani:

Salamu da' Mama Watatu, nimeipenda hiyo. Mie nipo Ohio, wanangu wawili nawasomesha nyumbani tangu korona. Swali langu, mtoto akishaona matokeo matatu tofauti lazima akuulize ipi ndo ya haki. Wamjibu vipi? Manake ukisema ya Marekani haifai amsikie jirani anakwambia umemfundisha mtoto kuichukia nchi, ukisema inafaa mwenyewe roho haikubali.

Mama Watatu:

@Binti Pwani habari za Ohio mdogo wangu. Sijibu. Nilimpa kila mtoto sheria moja aitetee, na nikampa wa kati, yule aliyelia, aitetee ya wajumbe. Alinuna ila akaja na hoja kwamba bila hiyo Houston peke yetu tungekuwa tunaamua kila siku maana tuko wengi, na shemeji Minnesota hakuna mgombea angempigia simu. Ambayo ndiyo hoja wanayoitoa wakubwa kabisa.

Ila mkubwa nilimpa kalkuleta. Kwa sensa ya 2020 Wyoming ina watu kama 577,000 na wajumbe 3, California ina watu milioni 39.5 na wajumbe 54. Agawanye. Wyoming ni kama watu 192,000 kwa mjumbe, California kama 732,000. Hapo sikusema neno, namba ilisema.

Na historia usiikate nusu. Ukimwambia mtoto mfumo uliwekwa 1787 kulinda majimbo madogo umesema ukweli, ila ndani yake kulikuwa na yale makubaliano ya kumhesabu mtumwa kama tatu ya tano ya mtu, majimbo ya kusini yakaongezewa viti na kwa hiyo wajumbe kwa migongo ya watu ambao hawakuruhusiwa kupiga kura. Watoto wetu ni weusi, wanaishi Texas. Wataisikia tu, bora waisikie mezani kwangu na hesabu yake.

Kipara Ngoto:

Mtoa mada hongera kwa uandishi ila mi sikubaliani. Watoto wa miaka sita mnawalisha siasa za nini? Waacheni wacheze. Na nyie watu wa homskuli mnajifanya hamtaki shule ziwafundishe watoto itikadi kumbe mnataka itikadi iwe yenu. Mwaka juzi kuna mzazi grupu letu kamfundisha mwanae wa darasa la pili kumzomea mgombea wa chama kingine kwenye TV, eti uraia.

Mama Watatu:

@Kipara Ngoto kaka yangu hapo mwishoni tupo pamoja kabisa, huyo mzazi ndiye ninayempinga tangu post ya kwanza. Mtoto aliyejifunza kumzomea mtu kabla hajajua kura inahesabiwaje hajafundishwa uchaguzi, kafundishwa ushabiki. Ndo maana nikasema pilau na ugali. Mwanangu mdogo wa miaka 6 kazi yake ilikuwa kugonga muhuri karatasi na kuhakikisha hakuna mtu kapiga mara mbili, na alimkamata mjomba wake mmoja. Hamjui Trump wala Biden na hana shida.

Mkulima wa Kitengela:

Hamjambo jameni. Mimi niko huku Kitengela, mke wangu na mimi tunasomesha watoto nyumbani mwaka wa sita sasa, tuko na wa miaka 14 na 10. Hebu niongeze yetu kwa sababu naona huku tuko na kitu nyinyi wa Marekani hamna, fomu.

Baada ya kura za 2022 tume iliweka fomu 34A za vituo kwa portal yake mtu yeyote aone. Vituo vilikuwa 46,229, na kila kituo fomu yake, imejazwa kwa mkono wa msimamizi na mawakala wakatia sahihi. Sasa si hiyo ni kitabu cha hesabu cha bure? Tulichukua fomu kadhaa za vituo tunavyovijua, kama cha shule ya msingi hapa karibu na kingine cha kwetu ushago, tukafanya hivi. Kwanza msichana asome mwandiko, kwa sababu mwandiko wa mtu ambaye hajalala usiku mzima si mchezo, saba inafanana na moja. Halafu ajumlishe kura za wagombea wanne, zinalingana na jumla ya kura halali iliyoandikwa chini? Ongeza zilizokataliwa, je, zinazidi watu waliojiandikisha kituoni? Kituo hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700 kwa hivyo ukiona namba ya ajabu unajua tu. Sahihi ni ngapi, za vyama gani.

Halafu unampeleka juu, 34A zinaingia kwa 34B ya eneo bunge, 34B zinaingia kwa 34C kule Bomas, ukumbi wa Nairobi ambapo tume ilijumlisha kura za rais. Mwisho William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987. Nikamwambia sasa nitafutie nusu. Akajumlisha wote, akagawa kwa mbili, akaona Ruto amevuka nusu na kura karibu 70,000. Kati ya milioni 14! Tena hiyo ni nyingi ukilinganisha na Uhuru Kenyatta 2013, yeye alipata asilimia 50.07, alivuka na kama elfu nane tu. Msichana akanyamaza halafu akasema baba, hiyo ni vituo ngapi ukikosea kujumlisha.

Hilo ndilo swali sasa. Hapo ndio nilimwambia kuhusu 2007. Sikumwonyesha video, nilimwambia tu kwamba matokeo yalitangazwa, watu hawakuamini hesabu, na waliokufa walizidi 1,100 na wengine mamia ya maelfu wakahama kwao. Hizi fomu kubandikwa mlangoni mwa kituo na kuwekwa kwa portal zilitokana na hayo yote. Ulikuwa mchana mrefu huo.

Binti Pwani:

Subhanallah, kaka wa Kitengela hii ya fomu sijapata kuifikiria. Hebu niulize, hata mtu asiye Mkenya anaweza kuifanya?

Mkulima wa Kitengela:

@Binti Pwani karatasi haiulizi pasipoti dada 😄 Usianze na kituo cha mjini chenye watu mia saba, tafuta kidogo cha watu mia moja hivi, mtoto akipata jibu sawa mara ya kwanza atataka kingine.

Mwalimu Chaki:

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa uraia, Morogoro, nimefundisha sekondari miaka mingi, na niseme tu kwamba darasani somo hili tulilifundisha kwa kukariri, "taja sifa tano za mgombea urais", na mwanafunzi akapata alama zote bila kujua kura yake inakwenda wapi ikishatumbukia kwenye sanduku. Kwa hiyo Mama Watatu nakupa tano.

Ila mna pengo moja. Mmefundisha kupiga na kuhesabu, hamjafundisha kubisha. Mtoto ajue aliyeshindwa anaruhusiwa kufanya nini. Hapo tena nchi zenu tatu zinatofautiana sana. Kenya unakwenda Mahakama ya Juu ndani ya siku saba tangu matokeo yatangazwe, na mahakama ina siku 14 kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji chini ya David Maraga walifuta uchaguzi wa rais, kura zikarudiwa Oktoba 26. Mwaka 2022 mahakama ikakataa malalamiko, matokeo yakabaki. Mahakama ile ile, majibu mawili, mtoto alinganishe sababu zake. Tanzania Bara na Visiwani, katiba ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mbunge unaweza kumshtaki, rais huwezi. Marekani kesi zinafunguliwa jimbo kwa jimbo kwa sababu uchaguzi wenyewe unaendeshwa jimbo kwa jimbo, halafu wajumbe wanakutana Desemba kila mmoja kwenye makao makuu ya jimbo lake, Bunge linahesabu Januari 6, rais anaapa Januari 20.

Muulize mtoto: kwa nini waachwe zaidi ya miezi miwili katikati? Ni swali zuri, mwenyewe nimelitumia.

Na kwa wa miaka 14 wa Kitengela, mpe hili: kura iliyokataliwa ni kura au si kura? Mwaka 2013 lilikuwa jambo kubwa mahakamani, maana ukizihesabu kwenye jumla zile zilizokataliwa asilimia ya kila mgombea inashuka, na mtu alikuwa amevuka nusu kwa nywele. Mahakama ikasema haziingii. Mwache atetee pande zote mbili.

Mama Watatu:

@Mwalimu Chaki shikamoo mwalimu. Hilo la kubisha nalibeba leo leo. Na nitaongeza 1992 Kenya, baba watoto ndo kanikumbusha, Moi alishinda kwa asilimia kama 36 tu kwa sababu wakati ule sharti la nusu halikuwepo, lilikuwepo la asilimia 25 kwenye mikoa mitano kati ya minane, wapinzani wakagawana zilizobaki. Watoto walizipitisha zile kura za 1992 kwenye sheria ya leo wakatoa jibu bila kusaidiwa: duru ya pili, Moi na Matiba.

Mzee wa Minnesota:

Naomba niseme jambo moja zito wadogo zangu, mada ni nzuri ila kuna mtego. Wengi wetu hapa tuna grini kadi, watoto ni raia sisi bado. Ukifundisha uchaguzi nyumbani mtoto atakwambia mama twende ukapige kura, na pale ofisi ya leseni ya gari mtu wa kaunta anakuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura, kwa mazoea unasema yes. USITHUBUTU. Asiye raia akijiandikisha kwa kudai ni raia, au akipiga kura ya rais, anaweza kufukuzwa nchini na uraia akausahau maisha. Haijalishi hukujua. Nimeona familia imetikisika kwa tiki moja kwenye fomu.

Mama Watatu:

@Mzee wa Minnesota shikamoo mzee, asante sana kwa hilo, na wote mlisome mara mbili. Mimi ni wa grini kadi, sipigi. Na bongo nako ukiwa nje ya nchi hakuna kituo cha kupigia, kwa hiyo mwalimu mkuu wa somo la uchaguzi nyumba hii hana kura popote duniani, watoto wanaona ni kichekesho cha mwaka. Baba yao anapiga mbili, ya Marekani, na ya urais Kenya, 2022 Wakenya wa huku walikuwa na vituo kwenye ubalozi na balozi ndogo.

Ndiye aliyewapeleka kituoni 2024, wiki za kura za mapema, kituo kilikuwa maktaba. Texas mtoto chini ya miaka 18 anaruhusiwa kuingia na mzazi hadi pale anapopigia, ila simu hairuhusiwi ndani ya futi 100 za mashine kwa hiyo msitegemee selfi. Kabla ya kwenda tuliprinti karatasi ya mfano kutoka tovuti ya kaunti kila mtoto akaijaza yake kwa penseli. Wakuu, karatasi ya Harris County ina urefu wa kutisha. Rais ni mstari wa juu kabisa, anaisha kwa sekunde tano, halafu unakutana na seneta, mbunge, majaji, majaji tena, majaji wengine, sherifu, mkubwa akachoka akauliza hawa majaji wote wanafanya nini. Tukatumia wiki mbili zilizofuata kwenye hilo tu, kuna jaji wa mahakama ya familia anayeamua mtoto akae na nani wazazi wakiachana, na watu wanamchagua bila kusoma hata jina. Kwa watoto hiyo ilikuwa kubwa kuliko rais. Ukilinganisha, Kenya mtu anapewa karatasi sita, rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Tanzania Bara tatu, rais, mbunge, diwani. Houston ni kitabu.

Kingine kwa wenye vijana wakubwa: Texas mwanafunzi raia mwenye miaka 16 anaweza kuwa karani wa uchaguzi kituoni, na sheria imetaja homskuli pia, mzazi anaandika ruhusa. Wa kwangu bado miaka minne ila keshaanza kuhesabu.

Kipara Ngoto:

Sasa hapo kwenye majaji umenigusa. Mi mtu mzima nimepiga kura hapa mara mbili nikaishia kwa rais nikaondoka. Nitaprinti hiyo ya mfano.

Dogo Tegeta:

Jamani mmeenda mbali, mimi nimekaa hapa tangu asubuhi bando linaisha nataka kujua kitu kimoja. Duru ya pili nani kashinda??

Mama Watatu:

@Dogo Tegeta 😂 Pilau. Zile kura sita za Chipsi ziligawanyika tatu tatu, Pilau 17, Ugali 13. Ila wa kati alimpigia simu binamu yake wa Minnesota akamuahidi soda mbili kama Pilau atapita, mkubwa akagundua, ikawa kikao cha familia kama soda ni rushwa au ni ahadi ya kampeni, kikaisha saa nne usiku bila uamuzi. Sasa Dallas wameandika malalamiko rasmi, kurasa mbili, wanataka duru ya pili ifutwe.

Mwalimu Chaki:

Wameyaleta ndani ya siku saba?

Mama Watatu:

Siku ya sita jioni mwalimu. Na wameambatanisha screenshot ya soda. Tunatafuta jaji ambaye si ndugu, kama una nafasi Jumamosi nikutumie link ya Zoom.